Ndiyo ya Spika

Pale stendi kuu ya mabasi hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ya Spika, ingawa wengi hawakuwahi kuuona uso wake. Alikaa kwenye kibanda cha juu chenye dirisha lililojaa vumbi, mbele yake kipaza sauti na kikombe cha chai, na kutoka humo aliwapanga watu na magari yao. "Abiria wote mnatangaziwa," angeanza, na hata waliokuwa wakigombania viti wangenyamaza wasikie. Jina la Spika alipewa na wapiga debe, likamganda mpaka binti yake akawa anaitwa mtoto wa Spika shuleni.

Alikuwa mjane wa makamo, mnene kidogo, na ulimi wake haukuwa na breki. Dereva mchelewaji alianikwa hadharani. "Dereva wa basi la kijani, abiria wako wanatoka mvuke ndani ya gari, na wewe uko mgahawani unasubiri chapati ya pili. Chapati zimekwisha. Rudi." Watu wangecheka, dereva angekuja mbio akifuta mdomo, na Spika angekunywa chai yake kwa raha.

Siku maradhi yalipomshika, alikuwa katikati ya tangazo. Alikusudia kusema basi la kwenda kaskazini linaondoka. Mdomo ukasema, "Kabati la kwenda kaskazini linaondoka." Chini wakacheka, wakidhani ni utani wake. Yeye alisikia kwamba amekosea, akarudia. Kabati. Akatazama dirishani, akaliona basi lenyewe, na taa zake na mizigo yake juu, akalijua mpaka tabia za breki zake, akarudia tena kwa nguvu: kabati! Hasira ikampanda. Alidhani ni uchovu, ulimi umeteleza. Alipotaka kupiga meza, mkono wa kulia haukuinuka, na kikombe cha chai kikaanguka pamoja naye.

Hospitali walisema ni kiharusi. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, upande ule unaoshughulika na maneno. Mkono ungeweza kurudi kidogokidogo, mguu pia. Kuhusu kusema, daktari aliinua mabega.

Kilichomtia wazimu Spika ni kwamba akili yake ilikuwa palepale. Alimjua kila aliyeingia wodini. Aliletewa uji, akakitazama kijiko, akajua ni cha kulia uji, akajua hata kwamba kile si cha hospitali bali kimetoka jikoni kwake. Lakini alipotaka kukitaja, alikuta ukuta. Au alikuta neno lisilohusika kabisa limesimama mlangoni, likijifanya ndilo. "Daraja," alisema. "Nipe daraja." Muuguzi akamwambia pole mama, akampapasa bega kama mtoto mchanga. Spika akausukumia mbali mkono ule kwa bega lake zima.

Aliyekuwa naye muda mwingi ni mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, mtu mwenye maneno matamu na mashati yaliyonyooshwa vizuri. Spika ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, huyu bwana alikuwa bado anatambaa, na dada yake akambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Binti yake Spika alikuwa anafanya kazi mji wa mbali, ofisi ya posta, na likizo ilikuwa ndoto. Kwa hiyo mjomba ndiye aliyeongea na madaktari, na mjomba ndiye aliyepiga simu kutoa habari.

"Dada hajielewi," alikuwa akiwaambia wageni, na dada mwenyewe amelala palepale, macho yamemtoka. "Akili imeondoka kabisa. Juzi ameomba daraja."

Wageni wakasikitika. Spika akafungua mdomo kumwambia akome, na hapo ndipo yalipotoka maneno yake ya kwanza yaliyonyooka tangu aanguke, laini kama zamani, bila kukwama hata herufi moja: "Mshenzi mkubwa wewe, toka hapa!"

Wodi nzima ikageuka. Spika mwenyewe alishangaa. Alijaribu kuongeza lingine, la maana zaidi, halikuja. Matusi yalikuwa yamekaa mahali pengine, pasipofikiwa na ule ugonjwa, pamoja na kuhesabu na kuitikia hodi. Mdogo wake akawatazama wageni kwa huzuni, akatikisa kichwa taratibu.

"Mnaona wenyewe," alisema.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, mdogo wake alimkalia kitandani akamweleza jambo. Televisheni ya wodi ilikuwa inapiga kelele, mgonjwa wa kitanda cha pili anakohoa, na fundi yule alikuwa na tabia ya kuongea kama anakimbizwa. Maneno yalimpita Spika. Aliweza kudaka moja hapa, moja pale: nyumba. Kukaa. Wewe. Mke wangu. Peke yako. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, kama kila mtu anavyojaza asikiapo maneno nusu nusu, kwa kile anachokijua juu ya msemaji. Na alichokijua Spika juu ya huyu msemaji ni kichwa kidogo kilicholala mgongoni kwake, na mate yakimlowanisha shingo. Akaelewa hivi: mimi na mke wangu tutakuja kukaa na wewe, usiwe peke yako. Machozi yakamlengalenga. Akamshika mdogo wake mkono na kuinamisha kichwa: sawa.

Alichosema mdogo wake hasa, na hili alilijua baadaye, ni kwamba kwa kuwa hawezi tena kukaa peke yake, nyumba ataichukua yeye na mkewe, na Spika atatafutiwa pa kukaa.

Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, fundi wa magari palepale stendi. Ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza, na nyuma uani kulikuwa na stoo ya mkaa. Spika aliporudishwa, alikuta kochi lake limegeuzwa upande mwingine, picha ya mumewe imeshushwa ukutani, na kitanda chake kimepelekwa stoo. Mkaa ulikuwa umezolewa lakini weusi wake ulibaki kwenye kuta, na ukiegemea unatoka na alama mgongoni.

"Huku kumetulia, wifi," alisema mke wa mdogo wake, bila kumtazama. "Daktari kasema upumzike."

Spika alisimama mlangoni pa stoo. Maneno yalijaa kifuani, yakasukumana, yakakwama kwa pamoja. Akapiga ukuta kwa mkono wa kushoto. Akapiga tena. Mke wa mdogo wake akaenda kupika.

Wiki ile ile mdogo wake alileta mashahidi wawili: fundi viatu wa kona, na mama mwenye genge la mboga. Aliwakalisha kwenye viti vya kibarazani, akamleta dada yake akamketisha katikati. Safari hii aliongea polepole, kwa sauti ya msiba.

"Dada. Umekubali nyumba hii niishike mimi, niwe mwenye nayo, na wewe nikutunze? Jibu tu, wazee wasikie."

Spika aliyaelewa yote, neno kwa neno. Damu ilimchemka mpaka masikioni. Akakusanya nguvu zake zote apate neno moja tu, neno ambalo hata mtoto anayeota meno analijua. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, akafungua mdomo, na mdomo ukasema kwa sauti kubwa:

"Ndiyo!"

Alisikia alichokisema. Akatikisa kichwa zaidi. "Ndiyo! Ndiyo, ndiyo!"

"Mmesikia," alisema mdogo wake.

Fundi viatu alitazama vidole vyake. Mama wa genge alikohoa, akaangalia barabarani. Wakapewa soda, wakanywa, wakaondoka.

Maneno mawili yale, ndiyo na hapana, yamekaa mlango mmoja kichwani mwa mtu. Ukitaka moja, na la pili huamka. Mzima hulisukuma nyuma asilolitaka bila hata kujua kwamba amefanya kazi. Kichwani mwa Spika hapakuwa tena na wa kulisukuma. Lililotangulia ndilo lililotoka, na kila mara lilitangulia lile lile.

Binti yake alipopiga simu, mjomba aliipokea. "Mama yako anaendelea vizuri, ila ndiyo hivyo, akili. Ngoja nikuwekee sikioni." Spika akasikia, "Mama, uko salama? Mjomba anakutunza? Nisiwe na wasiwasi?" Akalia kwenye simu ile kwa nguvu zote: "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Na kule mbali binti akashusha pumzi, akasema haya mama, Mungu ni mwema, pumzika.

Spika aliitupa simu ikagonga ukuta. Kwa hilo mdogo wake alimfungia mlango wa stoo kwa nje mchana kutwa.

Kitu kimoja hawakuweza kukiacha, kwa sababu hospitali walisisitiza: kliniki ya kusema. Mke wa mdogo wake alimpeleka kwa kusuasua, akamwacha mlangoni, akaenda zake sokoni. Mtaalamu alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa na sauti ya kukwaruza. Wagonjwa walimwita Mama Maneno, wakisema kwa umbea wake hata bubu angejibu.

Mama Maneno alimwonyesha picha ya mkasi. "Hiki nini?"

Spika alikijua. Akafanya vidole kata, kata. "Ya... nguo. Ya yule... kata. Aah!" Akafyonza, akaisukuma picha.

"Usilifukue," alisema Mama Maneno. "Ukilifukua linazama. Sikiliza. Fundi anakata kitambaa kwa..."

"Mkasi," alisema Spika.

Lilitoka kama limetemwa. Mdomo ulibaki wazi. Kisha uso ukamkunjamana, akaikodolea picha kama mtu aliyemfumania mwizi. Kumbe lilikuwemo! Lilikuwemo wakati wote, limekaa, linamtazama akihangaika!

"Maneno yako hayajafa," alisema Mama Maneno. "Barabara ndiyo iliyofungwa. Ukiulizwa hiki nini, unapita barabara iliyofungwa. Ukipewa mwanzo wa sentensi, unapita uchochoro. Kila neno lina majirani, mama. Mkasi unajuana na fundi, na kitambaa, na kukata. Piga hodi kwa jirani, yeye atamwita."

Kisha akamuuliza maswali ya kupima. "Wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo," alisema Spika, huku kichwa kinakataa na macho yanawaka.

Mama Maneno akaweka kalamu chini. Akamtazama vizuri. "Tunakaa angani?"

"Ndiyo!" Kichwa kikakataa.

"Mtu yeyote amekuuliza jambo kubwa tangu uumwe? La ndiyo na hapana?"

Spika akaanza kulia. Haikuwa huzuni. Alilia meno yameumana, ngumi ya kushoto inapiga goti.

Mama Maneno alimfundisha siku ile ile: mdomo wako usiuamini kwa maneno haya mawili. Kidole gumba juu, umekubali. Kidole gumba chini, umekataa. Akauliza polepole, moja baada ya jingine. Unalala chumbani kwako? Kidole chini. Nyumba umempa mtu? Kidole chini, kikagandamizwa mezani mpaka kucha ikawa nyeupe. Binti yako anajua? Chini. Tumwite?

Kidole kikapaa juu.

Namba ya binti ilikuwepo hospitali tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameipiga, kwa kuwa mjomba alikuwepo na mjomba alikuwa anasema vizuri.

Binti alifika na begi moja. Alipoona stoo, alipitisha kidole kwenye weusi wa ukuta, akakitazama. Mjomba wake akamweleza kwa upole, tena akiwa amemshika bega, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyechagua kule kwa sababu ya utulivu, na kwamba wagonjwa wa namna hii hubadilika, leo hiki kesho kile. Binti akamgeukia mama yake. "Mama, ni kweli?" Kidole chini. Mjomba akacheka kidogo. "Amefundishwa hiyo kliniki. Hata kasuku anafundishika."

Neno hilo la kasuku Spika alilidaka zima, halikuhitaji kujaziwa. Akaokota kopo la maji na kumrushia. Lilimpata kwenye shati lake lililonyooshwa.

Kesi ikapelekwa ofisi ya usuluhishi. Ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyokuwa inazunguka kwa kulalamika, meza ndefu, na mabenchi. Msuluhishi alikuwa bwana mtu mzima, mstaarabu, mchovu, mwenye mkono wa kuandika taratibu. Mashahidi wawili waliitwa. Mama Maneno alikuja, akaeleza habari ya vidole. Mdogo wake Spika alisimama na kuongea vizuri kiasi cha kumfanya hata Spika, kwa dakika moja, amwonee huruma huyu kaka mwema mwenye dada mwendawazimu.

"Mheshimiwa," alimaliza, "kidole chochote mtu anaweza kukiinua. Mimi nilimuuliza kwa maneno, akanijibu kwa maneno, mbele ya watu. Kama akili anayo, na aseme mwenyewe."

Msuluhishi akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Akainua kalamu yake. "Mama, samahani. Hiki ni nini?"

Binti akainuka nusu. Mama Maneno akafumba macho.

Spika aliitazama kalamu. Aliijua. Alijua wino wake ni wa bluu, alijua mfuniko wake umetafunwa. "Kidole," alisema. Akasikia alichokisema. "Si... ki... kidole."

Kwenye benchi mtu akacheka kwa pua. Mdogo wake aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini Spika aliona shavu lake likicheza.

"Anataka kusema kalamu," alisema binti haraka. "Mama anataka kusema kwamba ile nyumba..."

Spika akapiga meza. Chupa ya wino wa muhuri ikaruka. "Wewe! Nyamaza!" Hilo lilitoka bila shida. Akasimama, akijishikilia kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja ukiburuta. Kifuani palikuwa pamejaa. Wote hawa walikuwa wakiongea juu yake, mbele yake, kwa ajili yake, kana kwamba yeye ni mzigo ulioachwa bila mwenyewe stendi. Akafungua mdomo bila kutafuta neno lolote, na kilichotoka ni kile kilichokuwa kikitoka kila asubuhi ya maisha yake, kwa sauti ile ile ya kupasua vumbi:

"Abiria wote mnatangaziwa!"

Mama Maneno alifumbua macho.

Na kwa kuwa mlango ule ulikuwa umefunguka, yaliyozoea kuufuata yalifuata. "Abiria wote mnatangaziwa kwamba nyumba... nyumba hii... haijaondoka! Mwenyewe yupo! Mwenyewe hajauza, hajatoa, hajampa mtu. Ambaye amekaa kiti kisicho chake, na... ashuke! Ashuke na mizigo yake! Mke wake ashuke! Sufuria zake zishuke! Stoo ni ya... ya..." Hapo akakwama. Jasho lilimtoka. Alilitafuta, na lilipozama aliliacha, akageuka akapiga hodi kwa jirani. "Jiko linatiwa... mkaa! Mkaa! Stoo ni ya mkaa, si ya mtu! Huyu hapa," akamnyooshea kidole mdogo wake, "huyu, mzigo wangu..."

Watu wakaguna.

"Ulitaka kusema mdogo wangu, mama?" aliuliza msuluhishi, kwa upole.

Spika alifikiri. Kweli alitaka kusema mdogo. Lakini lililotoka hakuliona baya. "Yote," alisema. "Nilimbeba. Mgongoni. Na yeye ameni... ameni..." Halikuja. Safari hii hakuna aliyemwekea mwanzo wa sentensi, na hakuna aliyelihitaji. Akakaa chini, anahema.

Msuluhishi aliwageukia mashahidi. "Siku ile alisema ndiyo?"

"Alisema ndiyo," alijibu fundi viatu.

"Kichwa chake je?"

Fundi viatu alijikuna shingo. Mama wa genge ndiye aliyejibu, sauti imeshuka. "Kichwa kilikataa. Kilikataa sana. Hata machozi yalikuwa yanamtoka."

"Ninyi mkaona?"

"Tuliona."

"Mkafanya nini?"

"Tulikunywa soda, mheshimiwa."

Msuluhishi alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema nyumba haijawahi kutolewa, kwa sababu mtu hatoi kitu kwa kipande kimoja cha mwili huku vingine vyote vinakataa. Fundi wa majokofu na mkewe walipewa muda mfupi wahame. Fundi alijaribu kuongea. Msuluhishi alimwambia ameshamsikia vya kutosha.

Walihama kwa makelele. Mke wa mdogo wake alichukua mapazia ambayo hakuyaleta. Mdogo wake alipita kibarazani, akasimama mbele ya dada yake, akamwambia, "Dada, nilikuwa nakufikiria wewe tu." Spika alimkata jicho kuanzia viatu mpaka shati. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na safari hii hakuyatafuta. "Ndiyo," alisema, akakigeuza kidole gumba chini, mbele ya pua yake.

Watu wa stendi waliposikia habari ya tangazo la ofisini walilipenda mno, wakalisimulia wakalitia chumvi, mpaka ikawa kwamba Spika amepona na anaongea kama zamani. Hakupona. Kibandani alikaa mwanamke mwingine, msichana mwenye sauti nzuri isiyomtisha dereva yeyote. Spika alikwenda kliniki, akarudi na maneno mapya machache, akapoteza mengine njiani. Ukimpa muda alifika. Usipompa, aliwaka. Dukani muuzaji alizoea kumuuliza binti, "Mama anataka nini?" na Spika alizoea kupiga kaunta: "Mimi! Niulize mimi!" Kisha angesimama pale, foleni nzima nyuma yake, akalizunguka neno la sabuni mpaka alipate, na aliyeguna nyuma alijibiwa kwa lile fungu la maneno ambalo kiharusi hakikuligusa.

Binti alihamia tawi la posta la pale mjini. Alimwogesha mama yake, akampaka mafuta mkono uliolegea, akarudisha picha ya baba ukutani. Alikuwa mwema sana, na wema wake ulikuwa unamkera Spika namna ambayo hakuweza kuieleza. Binti alikuwa na tabia ya kummalizia sentensi. Mama akianza "nataka," binti aliorodhesha maji, chai, shuka, dawa.

Asubuhi moja walikuwa kibarazani wanachambua mchele. Binti alikuwa anamsema mjomba wake, jinsi alivyo mnafiki, jinsi watu wote walivyomwamini, wale mashahidi, wale madaktari, watu gani wasio na aibu.

Spika aliacha mchele. "Na wewe," alisema.

"Na mimi nini, mama? Unataka maji?"

"Na wewe! Uli... ulim..." Aliliona neno likija, likapinda kona, likapotea. Binti akafungua mdomo kumsaidia. Spika akainua mkono: ngoja. Binti akangoja. Ungo ukiwa magotini, kuku wakisogea kunyemelea chenga, wakakaa hivyo, mama akipiga hodi huku na kule ndani ya kichwa chake, akirudishwa mlango baada ya mlango.

"Simu," alisema hatimaye. "Nililia. Wewe... mjomba. Ulimmeza."

Halikuwa neno lenyewe. Binti hakuhitaji lenyewe. Alikumbuka simu ile, na zile ndiyo tatu zilizopasua sikio lake, na jinsi alivyoshusha pumzi na kurudi kupanga barua, bila kujiuliza ni mtu gani duniani husema yuko salama kwa sauti ya anayechinjwa. Mikono yake ilitulia ndani ya mchele.

"Nilimwamini," alisema.

"Amini," alisema Spika. "Hilo."

Binti alianza kulia. Spika alimtazama. Alijua maneno ya kumbembeleza, yale ya zamani kabisa, aliyokuwa akimwimbia akiwa mchanga. Yangetoka bila kukwama, alikuwa na hakika. Hakuyatoa. Alivuta ungo upande wake, akaendelea kuchambua kwa mkono wa kushoto, punje moja moja, akiyatupa mbali mawe kwa nguvu.